Jinsi ya kutafuta kitu mtandaoni hadi ukipate: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nafanya kazi steshenari, Sinza. Swali linalonifikia kuliko mengine yote si bei ya kuprinti wala namna ya kujaza fomu. Ni hili: "Nimegugo mpaka bando limekata, sijaona cha maana. Wewe unavipataje?" Anauliza mwanachuo mwenye ripoti ya kukabidhi kesho, anauliza mama anayefuatilia cheti cha mwanawe, anauliza fundi friji. Nimeona bora niyaweke majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata mwenyewe kazini.

Jambo kubwa ni moja: usiiulize Google kama unavyomuuliza jirani. Jirani anakujua, anaujua mtaa wako na shida yako. Ukimwambia nusu anamalizia mwenyewe. Google kwa sehemu kubwa inalinganisha maneno yako na maneno yaliyomo kwenye kurasa za watu, kisha mbele ya hayo yote inaweza kukuwekea matangazo yaliyolipiwa na kurasa zilizoandikwa makusudi ili zionekane za kwanza. Kwa hiyo kabla hujaandika chochote jiulize: jibu ninalolitaka ameliandika nani, na ameliandika kwa maneno gani? Hatua zote za hapa chini zinatoka kwenye swali hilo.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Simu janja au kompyuta. Kwa PDF ndefu kompyuta inapumzisha macho, lakini hatua zote zinafanyika kwenye simu.
- Kivinjari chenyewe, yaani Chrome, Firefox au kingine. Ukibonyeza linki ndani ya Facebook au Instagram, mara nyingi ukurasa unafungukia humo humo na anwani kamili huioni. Anwani utaihitaji sana.
- Bando la kutosha kufungua PDF mbili tatu. Nyaraka nyingi za serikali ni picha za karatasi zilizoskaniwa, na hizo ni nzito.
- Daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Humo utaandika maneno uliyokwisha kuyajaribu. Wengi wanaokuja kwangu wamerudia maneno yale yale kwa saa nzima.
- Taarifa kamili za kitu chenyewe: jina rasmi, mwaka, modeli, namba ya kosa. Kama ni mashine, kipige picha kibandiko cha nyuma.

Hatua ya 1: Andika shida yako pembeni, kwa sentensi moja

Usiandike kwenye Google bado. Andika kwenye daftari: "Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimepotea, nataka nakala nyingine, nipo Temeke." Halafu pigia mstari maneno ambayo yakiondoka shida inabadilika. Hapa ni *cheti cha kuzaliwa* na *nakala*. "Kimepotea" ni habari yako wewe. Anayetoa cheti hakuiandika kwenye ukurasa wake. "Nifanyeje" na "naomba kujua" hayana kazi kabisa.

Hatua ya 2: Mtaje mwenye jibu

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko zote. Kwa mambo ya nchi yetu mwenye jibu kwa kawaida anajulikana. Kodi na ushuru wa gari ni TRA. Jina la biashara na usajili wa kampuni ni BRELA. Vizazi na vifo ni RITA, kitambulisho ni NIDA, mikopo ya wanafunzi ni HESLB, nauli za daladala ni LATRA, bei kikomo za mafuta ni EWURA, dawa na vifaa tiba ni TMDA, takwimu ni NBS, na hali ya hewa ni TMA. Sheria na hukumu za mahakama zimo TanzLII, bure.

Leseni ya biashara inawachanganya wengi kwa sababu ina wenyewe wawili. Leseni za kundi A zinatolewa na BRELA, na za kundi B zinatolewa na halmashauri yako, ambazo sasa zinaombwa kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Ukitafuta "leseni ya biashara" bila kujua lako ni kundi gani, utasoma kurasa nzuri kabisa zisizokuhusu.

Kama jambo lako halina ofisi (mashine ya kufulia imegoma, kuku hawatagi), mwenye jibu ni mtengenezaji wa kifaa, mtaalamu wa fani hiyo, au mtu mwingine aliyepatwa na jambo hilo. Mtengenezaji utamsoma kwenye kitabu cha maelekezo. Mtu aliyepatwa utamsoma kwenye mijadala, au utamwangalia YouTube.

Hatua ya 3: Badili maneno yako yawe maneno yake

Rudi kwenye cheti. Wewe unasema "cheti cha kuzaliwa". Ofisini wanasema hivyo pia, lakini shughuli nzima wanaiita *usajili wa vizazi na vifo*. Neno "vizazi" kwa maana hiyo mtu wa kawaida halitumii, na ndilo litakalokupeleka kwenye ukurasa wa ada na utaratibu.

Kiswahili kina tabia nyingine ya kuzingatia. Neno letu linabadilika mbele na nyuma: lipa, kulipia, malipo, yanalipwa. Mitambo ya kutafuta inaujua mchezo huu kwa Kiingereza kuliko kwa Kiswahili. Ukikosa kwa "kulipia kodi ya jengo", jaribu "malipo ya kodi ya majengo". Jaribu umoja na wingi, kitenzi na nomino. Yaandike yote kwenye daftari.

Kisha jaribu Kiingereza. Taasisi zetu nyingi huandika taarifa moja kwa lugha moja tu, na huwezi kujua mapema ni ipi. Mwenye gari linalotoka Japani akiandika "ushuru wa gari" atasoma makala za watu wengine. Akiandika *used motor vehicle valuation* pamoja na TRA atafika kwenye kikokotoo chenyewe, ajaze aina ya gari na mwaka, apate makadirio yake.

Angalizo kuhusu majina ya zamani. Ofisi na mitaa hubadilishwa majina, lakini nyaraka za zamani hubaki na jina la zamani. TMDA iliitwa TFDA hadi 2019. LATRA ilichukua kazi za SUMATRA za usafiri wa nchi kavu mwaka huo huo. Iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam tangu 2021. Barabara ya Mwai Kibaki kwenye ramani na matangazo ya zamani ni Old Bagamoyo. Mambo ya Ubungo ya kabla haijawa wilaya yapo chini ya Kinondoni, na ya Kigamboni yapo chini ya Temeke. Ukitafuta jambo la miaka ya nyuma, tumia jina la wakati ule.

Hatua ya 4: Tumia alama

Hapa ndipo unapoacha kubahatisha. Alama ni chache, jifunze hizi:

1. *Alama za kunukuu.* Ukiandika "usajili wa vizazi" ndani ya alama hizi, unataka maneno hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Tumia kwa maneno mawili hadi manne. Ukiifunga sentensi nzima utaambiwa hakuna kitu, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeandika sentensi yako.
2. *Kistari cha kutoa.* -Kenya maana yake kurasa zenye neno Kenya ziondolewe. Kistari kinagusana na neno, na kabla ya kistari kuna nafasi.
3. *site:* inakufungia ndani ya tovuti moja, au ndani ya kundi la tovuti. site:rita.go.tz ni RITA peke yake. site:go.tz ni tovuti zote za serikali. site:ac.tz ni vyuo.
4. *filetype:pdf* inaleta PDF tu. Kanuni, miongozo, ripoti na fomu nyingi zimo humo.
5. *OR* kwa herufi kubwa: ada OR malipo OR gharama. Inafaa sana kwa maneno yetu yanayobadilika.

Ukiunganisha, mama wa cheti anaandika hivi:

nakala "cheti cha kuzaliwa" site:rita.go.tz

Na mwanachuo wa ripoti anaandika hivi:

sensa 2022 Dar es Salaam filetype:pdf site:nbs.go.tz

Kosa linalojirudia: kuacha nafasi baada ya nukta pacha. site: rita.go.tz haifanyi kazi, site:rita.go.tz inafanya. Kosa la pili ni kurundika alama zote mara moja. Anza na moja, tazama, ongeza ya pili.

Hatua ya 5: Funga nchi

Ukitafuta kwa Kiswahili mambo ya leseni, kodi, pasipoti au kitambulisho, majibu ya Kenya yatakuja mengi, na yameandikwa vizuri. Mtu anasoma ada kwa shilingi asijue ni shilingi ya nani. Ukitafuta kwa Kiingereza yatakuja ya Marekani. Ongeza neno Tanzania, au site:tz, au -Kenya. Kwa mafundi na maduka ongeza eneo lenyewe: Kariakoo, Gerezani, Tegeta. "Karibu nami" inategemea simu yako imejiweka wapi, na mara nyingine simu inajiweka pasipo.

Hatua ya 6: Funga tarehe

Nawasihi hapa msiwe na haraka. Habari ya zamani iliyokuwa kweli ni hatari kuliko uongo, maana ina kila dalili ya ukweli.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na mabadiliko mengi ya kodi na ada yanaanza siku hiyo. Kwa hiyo ukurasa wowote wa kodi, ushuru au ada ulioandikwa kabla ya Julai iliyopita, uchukulie kuwa umechakaa hadi uthibitishe. Bei kikomo za mafuta EWURA huzitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo za mwezi uliopita hazina kazi. Nafasi za kazi, tazama tarehe ya mwisho kabla ya kusoma sifa za mwombaji.

Takwimu nazo ni hivyo hivyo. Mwanafunzi anayetafuta idadi ya watu wa Dar es Salaam atakutana na 4,364,541 na pia 5,383,728. Zote mbili ni sahihi: ya kwanza ni ya sensa ya 2012, ya pili ni ya 2022. Tovuti nyingine zitampa namba ya tatu na ya nne, ambazo ni makadirio ya watu binafsi. Andika namba na mwaka wake pamoja, daima.

Namna ya kufunga: baada ya kutafuta, bonyeza Zana (kwenye simu telezesha ile safu ya juu hadi mwisho), chagua muda. Au andika after:2025-07-01 mwishoni mwa maneno yako. Lakini usiiamini tarehe ya Google peke yake. Tovuti nyingine hugeuza tarehe kila siku ili zionekane mpya huku maandishi ni yale yale. Tafuta tarehe ndani ya waraka: kwenye jalada, chini ya saini, au kwenye namba ya tangazo.

Hatua ya 7: Soma anwani kabla ya kubonyeza

Kwanza vuka yaliyolipiwa. Yana neno dogo juu yake linalosema ni tangazo. Halafu soma anwani. Tafuta mkwaju (alama hii: /) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha soma kurudi nyuma kutoka hapo. Kinachokaa jirani na mkwaju ndicho mwenyewe. portal.ajira.go.tz inaishia na go.tz, ni ya serikali. Kitu kama ajira.go.tz.mfano.com kinaishia na mfano.com, si ya serikali hata kama kimeanza na maneno hayo yote.

Kuomba kazi kwenye Ajira Portal ni bure. Tovuti au mtu anayedai "ada ya maombi" kwa jina la Sekretarieti ya Ajira ni tapeli, funga ukurasa. Tovuti za kukopesha haraka nazo, kabla ya kutoa namba ya NIDA, angalia orodha ya waliopewa leseni kwenye bot.go.tz, tovuti ya Benki Kuu. Kuna vijana wamefika kaunta kwangu wakilia kwa jambo hili, na lilikuwa la kuzuilika kwa dakika moja.

Hatua ya 8: Ndani ya ukurasa, usisome kuanzia juu

Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F. Kwenye Chrome ya simu bonyeza vile vidoti vitatu, chagua kutafuta ndani ya ukurasa. Andika neno lako, ruka hadi lilipo. Kwa PDF ya kurasa mia mbili, bila hili umepotea.

Hatua ya 9: Pata chanzo cha pili

Chanzo cha pili maana yake mtu aliyeipata habari kwa njia yake. Tovuti kumi zenye sentensi zinazofanana ni chanzo kimoja. Chukua sentensi moja, iweke ndani ya alama za kunukuu, itafute, utaona zilivyonakiliana. Kwa sheria, usiishie kwa anayeielezea. Nenda TanzLII uisome yenyewe. Sheria ya Ardhi, kwa mfano, ni Sura ya 113, na namba hiyo ukiiandika utaipata haraka kuliko kuelezea ugomvi wako. Kwa dozi ya dawa, mtandao ukusaidie kuuliza vizuri, jibu lichukue kwa mfamasia.

Kwa mafundi na wenye vifaa vilivyoharibika

Andika kampuni, modeli na namba ya kosa. Usiandike "mashine haifanyi kazi". Mashine ya kufulia ya LG ikionyesha IE, maana yake maji hayaingii kama yanavyotakiwa. Samsung kwa shida hiyo hiyo inaandika 4C au 4E. Herufi hizo bila jina la kampuni zitakupeleka pengine kabisa. Na ukishajua ni maji, kwa Dar anza kwenye bomba: presha ikiwa ndogo au tenki likiwa chini, mashine ni nzima.

Kwa gari, namba za kosa zinazoanza na P0 zinafanana kwa magari yote. P0171 ni mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli iliyopo, iwe IST au gari jingine. Zinazoanza na P1 ni za mtengenezaji, hapo lazima utaje gari. Kwa spea tafuta namba ya spea iliyochongwa kwenye kifaa, ukiiweka ndani ya alama za kunukuu. Ukienda nayo Kariakoo au Gerezani nako itakusaidia.

Kwa wanaotafuta nyumba

Dalali akikutumia picha, zitafute hizo picha kwa Google Lens kabla ya kutoa hela ya kuonyeshwa. Kwenye Chrome shikilia picha kwa kidole, utaona sehemu ya kuitafuta. Ikitokea kwenye hoteli ya nchi nyingine, umeokoa nauli. Isipotokea popote, hiyo haithibitishi kuwa nyumba ipo.

Ukikwama

*Hakuna matokeo kabisa.* Ondoa alama moja moja. Anza na za kunukuu, kisha filetype, kisha tarehe. site: iondoe mwisho.

*Muhtasari wa akili mnemba hapo juu unasema kingine.* Muhtasari ule unachanganya kurasa kadhaa, na unaweza kukuwekea ya Kenya na ya kwetu katika sentensi moja. Fungua viungo vyake usome mwenyewe. Ukitaka kuuondoa, chagua chujio la Web kwenye ile safu ya juu. Linabakiza viungo tu.

*Google imegoma, nijaribu wapi?* Bing na Brave. Brave ina faharasa yake yenyewe, yaani orodha ya kurasa iliyoikusanya bila kutegemea wengine. DuckDuckGo inachukua matokeo mengi kutoka Bing, kwa hiyo kama Bing imekosa usitegemee sana tofauti.

*Kiswahili cha ukurasa hakieleweki.* Umetafsiriwa na mashine. Usihangaike kuufasiri, tafuta mada hiyo kwa Kiingereza upate ulikotolewa.

*Tovuti haifunguki au ukurasa umeondolewa.* Nakili anwani, nenda web.archive.org, ibandike. Nakala ya zamani huenda ipo. Ile nakala ya Google iliyokuwa pembeni ya kila tokeo iliondolewa 2024, usiitafute.

*PDF imefunguka, lakini kutafuta ndani hakukubali.* Ni picha za karatasi. Ipakie Google Drive, uifungue kwa Google Docs. Itajaribu kuyageuza maandishi. Majedwali yataharibika, kwa hiyo namba zisome kwenye PDF yenyewe.

*Nimejaribu yote, hakipo.* Inawezekana kweli hakipo mtandaoni. Sheria ndogo za halmashauri, magazeti ya miaka ya nyuma na ramani za viwanja mara nyingi viko kwenye makabati. Kwa magazeti na vitabu vya zamani nenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kwa mengine nenda halmashauri au serikali ya mtaa, na daftari lako mkononi. Ukifika kaunta uliza jina kamili la fomu, waraka au sheria ndogo unayoitaka, pamoja na mwaka wake, uliandike jina hilo kama lilivyo. Wakikuambia "kipo kwenye mfumo", hilo jina ndilo la kuweka ndani ya alama za kunukuu ukirudi nyumbani.